Hamsini kwa Sekunde

Niseme mapema, kabla hujanipa pole:
kosa ni langu.
Siku ile, ukumbini Mtoni,
niliulaza waya wa maiki ubavuni mwa waya wa umeme,
mita kumi na mbili, kama mume na mke,
kwa uvivu wa kuzunguka nyuma ya viti.
Na soketi hiyohiyo ilibeba friji la soda
na feni iliyokwisha bushi.
Mwiba wa kujichoma.

Leo ni Jumanne, saa nane mchana, Keko,
chumba kisicho na dirisha nyuma ya duka la magodoro.
Ndani ya hedifoni: mmmmmm.
Si nyuki. Nyuki hutua.
Huu ni umeme, mara hamsini kila sekunde,
na watoto wake nyuma wameshikana mashati:
mia, mia na hamsini, mia mbili,
mpaka kule juu wanakogeuka mchanga kwenye meno.

Na chini ya mvumo huo Nesi Sijaona Mbonde anaagwa,
miaka thelathini na sita wodi ya wazazi, Temeke.
Dakika nne tu za kusema asante.
Anawataja waliomshikia tochi usiku wa mgao,
mmoja mmoja, kwa jina na kwa lakabu.
Miezi miwili baadaye walimpasua koo.
Uvimbe ulitoka. Sauti nayo ikaufuata.

Amekuja mwenyewe.
Amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa,
kanga shingoni, daftari mapajani
kwa maneno yasiyopita.

Nikatafuta sekunde mbili ambazo hakuna anayesema,
niifundishe mashine: mwizi ndiye huyu, ishike sura yake.
Nikazipata kabla hajaanza kuhutubia.
Nikakata hamsini. Nikakata mia.
Nikawafuata wale watoto kwa wembe mwembamba,
hata ukumbi ukatulia kama shuka iliyopigwa pasi.
Nikamvisha hedifoni, nikangoja sifa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaandika:
Huyu ni nani?
Na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi:
Mimi nilikuwa na kifua.

Kweli. Sauti yake ilikaa chini, uswahilini kwa umeme,
vyumba vya kupanga, ukuta mmoja.
Nilipomtimua mpangaji mkorofi
nilimtoa na jirani yake, godoro kichwani.

Nikarudisha. Kidogo kwenye mia na hamsini,
kidogo tena. Mvumo ukachungulia mlangoni.
Akanyoosha kidole: hapo.
Mama, bado unasikika huo, nikasema.
Akapandisha mabega.

Hapo hapo umeme ukakatika.
Friji la jirani, mashine ya kuchomelea ya Mtoro,
taa ndefu ya dukani, vyote vikashusha pumzi pamoja,
na mimi nikajua kumbe mtaa mzima
ulikuwa unavuma mvumo uleule,
miaka saba, nami nikiuita kimya.

Gizani akanong'ona, bila daftari.
Nilimsikia kila silabi.
"Umezaliwa wapi?"
Temeke. Themanini na tisa.
"Mwezi?"
Wa saba, usiku, mama alisema mvua ilinyesha bila msimu.
Nikasikia vidole vyake vikihesabu juu ya goti.
Jibu alilolipata hakunipa.

Umeme ukarudi. Friji likaguna.
Kazi sikuwa nimeihifadhi.
Akasogeza ndoo karibu, kama mtu mwenye zamu ya usiku.

Nikaanza upya na zile sekunde mbili,
na safari hii nikazisikiliza zenyewe:
mmmmmm, kiti kinakwaruza,
halafu, kabla ya asante ya kwanza,
mwanamke anavuta pumzi mpaka chini.
Ndiyo niliyoipa mashine, nikaiambia: mwizi.

Nikatafuta kimya kingine.